Bastola Isiyo na Amini

Kazi yangu mie ni kutoa bastola asubuhi na kuzipokea zikirudi. Basi. Watu wakisikia hivyo wananitazama vingine, wanadhani nashinda katika mambo ya sinema. Nashinda na harufu ya mafuta ya kusafishia na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Stoo yetu iko Maskati yenyewe, ile ya ndani ya ukuta, nyuma ya majengo ya serikali, mahali ambapo watu wakishatoka kazini huoni kiumbe ila paka. Naitwa Nasriya, na nikikasirika nasema, kwa hiyo mtanistahamilia.

Ninayetaka kuwasimulia habari zake ni wifi yangu Masouda, mke wa kaka yangu Sleiman. Yeye ndiye anayezivaa hizo bastola. Idara yetu inalinda wageni, na wageni wa kike wanataka walinzi wa kike, na Masouda alikuwa katika wanawake wa mwanzo kuchukuliwa. Ukimwona dukani hutamjua. Mama wa makamo, mnene kidogo, kavaa abaya nyeusi kama wote, ila abaya yake ina mpasuko ubavuni uliofungwa kwa vifungo vya kubana. Ni kazi ya fundi mmoja Mbangali wa Wattaya, ambaye miaka yote hii hajauliza mpasuko wa nini. Chini ya mpasuko huo, juu ya nyonga ya kulia, ndipo bastola inapokaa. Ngozi ya pale imekuwa nyeusi na ngumu kama ya kisigino.

Watu wanadhani kazi ile ni kukimbia na kufyatua. Kazi ile ni kusimama. Mgeni akienda harusini, Masouda kasimama nyuma ya nguzo ya ukumbi wa hoteli, sahani za halwa zinapita mbele ya pua yake, yeye kama hazioni. Mgeni akienda hospitali, kasimama mlangoni. Mgeni akijaribu viatu, kasimama, na nyayo zake mwenyewe zinawaka moto. Akila, anakula baada ya watu wote kwisha kula, wali ushapoa na kukauka. Maisha yake yote ya kazi hajapata kuitoa ile bastola mbele ya mtu, ila uwanja wa mazoezi tu, na alhamdulillahi. Lakini kachoka. Anachoka hata akilala. Ukimwambia kachoka, atakuuliza nani kasema, na hatokusemesha mpaka jioni.

Kila asubuhi anatoka kwake Al Khoudh na gari yake, ananipitia mie Wattaya pale kwenye maduka ya magari, tunanunua chai ya karaki bila ya kushuka, tunakwenda zetu kazini kwa njia ya baharini. Kazini tunasema Kiarabu. Garini tunasema Kiswahili, na garini ndimo mambo yanamosemwa.

Basi mwezi wa sita, jua la kukaanga, mkuu wetu Hatem akaja mwenyewe dirishani kwangu na kisanduku. Hatem si mtu mbaya. Ana adabu, anasalimia mpaka unachoka kuitikia. Akaniambia nitoe moja katika zile bastola za zamani, niilaze pamoja na mpya iliyomo kisandukuni, Masouda aje azilinganishe. Idara ilikuwa inafikiri kuzibadilisha zote. Ile ndogo ya kuficha wanaoivaa ni wanawake, na katika wanawake hapana anayeijua kuliko Masouda, kwa hiyo neno lake ndilo litakalosikilizwa. Azijaribu zote mbili uwanjani, halafu aje mkutanoni aseme ipi.

Akaongeza, kwa adabu ileile, kwamba ikipita hiyo mpya, kila mmoja atafanyiwa mtihani nayo, na atakayeshindwa atahamishiwa langoni, kwenye mashine ya kukagulia mikoba. Masouda alikuwa nyuma yake, kasikia kila neno. Langoni ndipo tunapopeleka watu ambao hatujui tuwafanyeje. Wanakaa kwenye kiti cha plastiki wanatazama mikoba ya wenzao ikipita, mpaka siku yao ya kustaafu.

Hatem alipoondoka, Masouda akaziinamia. Zimetoka kiwanda kimoja, jina moja, nambari tu imebadilika, shangazi na mtoto wa kaka yake. Ya zamani ni chuma tupu. Kutwa moja nayo, nyonga inalia. Mpya ina mpini wa plastiki ngumu, nyepesi hata unasahau kama umeivaa, nyembamba haionyeshi chini ya abaya, na risasi inabeba nyingi zaidi. Ile ya zamani, kukivuta kile chuma cha juu ili risasi iingie kunataka mkono wa kijana, na Masouda ana baridi yabisi kwenye kidole gumba cha kulia. Nyumbani chupa ya achari anafunguliwa na Sleiman. Mpya inavutika kama droo. Hata alama za kulengea anaziona bila ya miwani.

"Raha hii," akasema. Akaigeuza upande wa kushoto, akaitazama, akaigeuza tena wa kulia. "Nasriya, amini yake iko wapi?"

"Haina."

"Haina vipi?"

"Haina amini. Usalama wake umo ndani ya triga yenyewe. Usipoigusa, haifyatuki. Ukiigusa na kuvuta, inafyatuka. Basi."

Akaiweka chini polepole. "Sasa mtu ataamini nini," akasema, na wala hakuwa anatania.

Hapa lazima nieleze, maana neno hili hulikuti popote ila kwetu. Bastola ya zamani ina kijiti cha chuma ubavuni. Ukikipandisha kwa kidole gumba inajifunga, ukikishusha inafunguka. Waarabu wanakiita aman, yaani usalama. Sasa, Masouda na wenzake walipoingia mafunzoni, wengi wao ndiyo kwanza wametoka Unguja na wazee wao, Kiarabu chao cha msahafu tu. Mwalimu akipiga kelele "Ammin!", maana yake funga usalama, wao wanasikia "amini". Msichana mmoja akamjibu kwa Kiswahili, kwa heshima zote, "Tumeshaamini, baba." Wasichana wakavunjika mbavu, mwalimu asijue wanacheka nini, akawakimbiza jua zima. Toka siku ile kijiti kikawa na jina. Umeweka amini? Amini yako iko juu? Masouda mwenyewe amekuja kufundisha wasichana wengi hivyohivyo: kidole gumba kwanza, weka amini, halafu ndiyo utoe kidole cha shahada kwenye triga. Wakubwa wanasema kidole cha shahada ndicho kitoke kwanza, lakini kwa bastola ile hakukuwa na ubaya. Amini ikishapanda, hata ukiiminya triga haitoki kitu.

Siku ya uwanjani tulitoka alfajiri kukimbia joto. Uwanja uko nje ya mji, milima ya mawe pande tatu na tuta la mchanga mbele. Mie nilikwenda kwa sababu silaha haitoki stoo bila mie. Aliyesimamia alikuwa Ghadeer, msichana hodari, kazaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia kwa bibi yake na anakijibu kwa Kiarabu. Kushika bastola kafundishwa na Masouda, lakini uwanja sasa unakwenda kwa amri za wakubwa, na taratibu anazozifuata ni za siku hizi. Bado anamwita Masouda khalti, mama mdogo.

Masouda alianza na ya zamani. Kulenga kwake hakuna shaka, matundu yalikaa pale yanapotakiwa, lakini kila akivuta kile chuma nilimwona anauma meno. Kwenye mara ya mwisho ilibidi akishike kwa kiganja kizima na kukisukuma kwa tumbo. Ghadeer akageuka kutazama milima. Mtoto ana adabu, huyo.

Halafu akachukua mpya. Wallahi nilifurahi kumtazama. Mkono umetulia, bega limetulia, matundu yamejazana mahali pamoja unaweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Ghadeer akacheka, akamwambia khalti, hebu atuachie kidogo na sie. Masouda naye akacheka, na sikuwa nimemwona anacheka vile tangu Idi ya mwaka juzi. Nikajisemea, imekwisha habari, wifi yangu kapata bastola yake na langoni hatokwenda.

"Ammin!" akaita Ghadeer, maana amri haijabadilika. Kwa bastola mpya amri ile maana yake toa kidole kwenye triga, rudisha kwenye ala, umekwisha. Lakini Masouda alisikia aliyoyasikia maisha yake yote. Kidole gumba kikapanda kutafuta amini. Hakikuiona. Kikashuka, kikapanda tena, kinapapasa pale ubavuni kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya watu, na huku mkono mzima unakaza, na kidole cha shahada hakijatoka bado.

Ikalia. Risasi iliingia mchangani hatua moja mbele ya mguu wake, na mchanga ukamrukia viatuni.

Hakuna aliyeumia. Wasichana waliokuja kwa mazoezi yao walikuwa bado chini ya hema wanafungua chai, kwao ule ulikuwa mlio mmoja katika milio. Walioona ni sie watatu tu. Masouda alisimama palepale, na kidole gumba kilikuwa bado kinapapasa. Ghadeer akamwendea, akaichukua bastola mkononi mwake taratibu, akaifungua, akaimwaga risasi.

"Khalti," akamwambia kwa Kiarabu, chinichini, "alhamdulillahi ni mchanga. Hii silaha ngeni. Ukisema mkutanoni kwamba haina usalama wa nje na haifai kwa walinzi wetu, utaeleweka. Mie sitasema zaidi ya utakalosema weye."

Mie pale moyo ulinitulia. Mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ndiye mwenye ufunguo. Masouda akisema mpya haifai, haifai. Hatem hatamuuliza mara mbili. Tutabaki na mashangazi yetu ya chuma, mtihani hautakuwapo, na wifi yangu atabaki kwenye kazi yake mpaka atakapoiacha kwa hiari yake.

Mkutano ulikuwa siku ya pili. Asubuhi ile garini hakununua karaki. Tulipofika Matrah sikuweza kungoja tena.

"Utasema nini?" nikamuuliza.

"Nitasema nilichokiona."

"Ulichokiona ni bastola haina amini, ikataka kukuvunja mguu. Sema hivyo."

"Bastola haikufanya kitu, Nasriya. Ilifyatuka kwa sababu niliivuta."

Hapo nikapandisha hasira. Nikamwambia mjinga. Nikamwambia kaitumikia idara ile mpaka ngozi imeota sugu, kala wali mkavu kwenye harusi za watu wasiojua hata jina lake, kakosa harusi ya mwanawe mwenyewe kwa sababu kulikuwa na mgeni, na leo anaambiwa aseme neno moja tu la kujihifadhi, neno ambalo hata si uongo, anajitia usafi.

"Njia ya mwongo fupi," akaniambia.

"Fupi, lakini ya langoni ndefu. Utakaa kwenye kile kiti unatazama mikoba, nitakuja kukuletea mto."

Hakucheka. Aliendesha kidogo, halafu akasema, "Wasichana wakiingiwa na hofu wanasahau kushusha amini. Nimewaona uwanjani, tena hodari wao. Anaitoa, analenga, anaminya, haitoki kitu, anabaki anaitazama. Uwanjani tunacheka. Siku ya siku, Mwenyezi Mungu aepushe, hatakuwa na wa kumcheka. Hii mpya ukiivuta inatoka. Sasa mie nikasema haifai, ili nipate nini? Nibaki mie, afe Lujain?"

Lujain ni mdogo wao wote, kaingia kazini mwaka huu. Nikamwelewa. Lakini sikukubali, na sijakubali mpaka leo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wazee, na mzigo wa Masouda kila mtu alikuwa anauona mwepesi.

"Na kidole chako?" nikamuuliza.

"Kidole kitafundishwa. Mie nitasema kweli yangu, wao watajua la kufanya. Wananijua."

Chumba cha mkutano kilikuwa na baridi ya kuumiza mifupa. Hatem mbele, mkubwa mmoja kila upande, Ghadeer, na mie mwishoni na visanduku vyangu viwili. Walileta kahawa na tende. Hatem akamsalimu Masouda, akamuuliza hali, akamuuliza hali ya Sleiman, akamuuliza hali ya watoto, yote akayamaliza. Halafu akamwambia aseme.

Masouda alisema akiwa amesimama, ingawa walimpa kiti. Alizisema bastola zote mbili, uzito wake, mvuto wake, namna inavyokaa chini ya abaya na namna inavyotoka. Kiarabu chake ni kizuri siku hizi, ila akiwa na wasiwasi lafudhi ya Unguja inarudi, na siku ile ilirudi. Akasema mpya ni bora. Akasema haina usalama wa nje na kwa walinzi wapya hiyo ni kheri, kwa sababu hawana cha kusahau. Nilidhani atakomea hapo. Nilimwombea akomee hapo.

"Jana uwanjani," akasema, "nilifyatua risasi mchangani bila ya kukusudia. Kosa halikuwa la bastola. Kidole changu kilikwenda kutafuta kitu ambacho hakipo."

Ghadeer akainamisha kichwa. Mie nikaitazama tende mkononi mwangu. Kahawa zikawekwa chini.

Halafu Hatem akavuta pumzi, na nakuapieni niliona mabega yake yanalegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji. Akatabasamu. Kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mtoto kwa mama yake, akamwambia, "Allah akulipe kheri, mama. Hakuna aliyetaka kukuvunjia heshima. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe."

Wakubwa wale wawili wakatikisa vichwa pamoja. Mtihani hakuna aliyeutaja. Mmoja akasema langoni kuna kiyoyozi kipya. Mwengine akasema Masouda kaacha jina zuri, na akalisema kama jina la marehemu. Wakamshukuru. Wakasimama wote kumuaga, mmoja mmoja, kila mmoja na dua yake, na yote yale hayakuchukua hata muda wa kahawa kupoa. Bastola mpya ikapita. Niliambiwa nianze kuzikusanya za zamani, na yake iwe ya mwanzo kwa sababu alikuwa keshakuja nayo. Aliivua palepale ubavuni, akafungua vifungo vya abaya kimoja kimoja, akanipa mkononi. Nilipoipokea ilikuwa ina joto la mwili wake.

Mchana tukarudi. Aliniuliza kama nina njaa, nikasema sina, akasema Sleiman atakuwa kapika samaki na kauharibu. Alikuwa anasema vizuri tu. Mie ndiye niliyekuwa natokota. Nilikuwa nina maneno ya kumwambia Hatem, ya kuwaambia wale wawili, ya kumwambia hata yeye mwenyewe Masouda kwamba nilimwambia, nilimwambia mie, hakusikia. Nilikuwa nayapanga.

Tukasimama kwenye taa karibu na kwangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya nyonga, pale penye sugu, anapasugua bila ya kujua.

"Nasriya."

"Naam, wifi."

"Mie nilidhani watabisha kidogo."

Nyuma magari yakaanza kupiga honi. Nikamwambia taa imeshakuwa kijani, twende.